Tarehe Thelathini na Moja Machi

Meno mawili ya Secilia yalidondoka kwenye gunia la maharage kabla hajatambua kwamba amepigwa.

Alen, mdogo wa marehemu mume wake, alisimama katikati ya duka akihema. "Nipe hizo karatasi, shemeji. Duka la kaka yangu haliandikwi jina la mwanamke wa kuja."

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka makadirio ya kodi. Kwa miaka miwili Alen alikuwa akimwambia kuwa duka la marehemu halidaiwi kitu, akae kimya tu. Naye akakaa kimya, kama alivyonyamazia mengi katika ukoo ule wa Mlalo. Mwaka huu alijiandikisha mwenyewe, akapewa namba ya mlipakodi. Akishapeleka makadirio, serikali itamtambua kuwa mwenye duka; na Alen alikuwa ameshapatana na mnunuzi.

"Sikupi," alisema Secilia, damu ikimchuruzika kidevuni.

Alen alimkaba koo kwa mkono mmoja, akamgandamiza kwenye meza ya kuuzia. Mkono wa pili ukaikamata bahasha ya karatasi zile iliyokuwa mezani. Macho ya Secilia yakaingia giza. Vidole vyake vilipapasa mezani vikakutana na bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea magunia. Akakishusha kwa nguvu zake zote. Kilipenya kiganja cha Alen, kikapita bahasha, kikazama kwenye mbao.

Alen alipiga yowe na kumwachia koo. Hapo ndipo Secilia angeweza kukichomoa. Hakukichomoa. Alikiegemea kwa uzito wa mwili wote, akasikia mfupa ukilia.

"Shemeji, unaniua!"

Akazidi kukandamiza. Ni Mwajuma, jirani muuza mboga, aliyemvuta kwa nyuma na kumbwaga sakafuni. "Yatosha, mama! Yatosha!"

Mwajuma alikichomoa chuma. Alipokuwa akimfunga Alen mkono kwa kanga, Secilia alichukua bahasha, akatoka na kusimamisha pikipiki ya kwenda Lushoto.

Katika ofisi ya kodi watu walimpisha bila kuombwa. Karani, binti aliyeitwa Shamsa, aliziangalia karatasi zilizotoboka na kulowa damu, kisha akamtazama usoni.

"Shikamoo, mama. Uende hospitali kwanza."

"Marahaba. Mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi. Zimebaki dakika ishirini."

"Basi andika, mwanangu."

Shamsa aliandika. Alipouliza jina la mwenye biashara, Secilia alilitaja lote, na kwa sababu ya lile pengo mdomoni ilimbidi alirudie mara tatu.

Alikuwa akitoka na stakabadhi simu ilipoita. Mwajuma alikuwa analia.

"Wamemfikisha hospitali. Vidole havichezi. Polisi wapo hapa dukani, wanakuulizia. Niwaambieje?"

"Waambie niko Lushoto, ofisi ya kodi. Nitawangoja."

Akaketi kwenye benchi la nje. Ukungu ulikuwa ukishuka kwenye mikaratusi, na wafanyakazi walikuwa wakifunga madirisha mojamoja. Polisi hawakumtisha, wala Alen. Kilichomtisha ni mkono wake wa kulia, uliotulia juu ya paja, bila kutetemeka hata kidogo.

Akauchukua, akauweka chini ya paja, akaukalia.