Mtu wa Tumboni mwa Joka

Tangu Pasaka, Papa Bavon hakumtambua tena binti yake. Alimwita "madame", kwa adabu nyingi mno, na kila akiletewa sahani ya chakula aliuliza kama mwenye nyumba anajua. Mwenye nyumba! Nyumba hiyo ya mtaa wa Kabondo aliijenga yeye mwenyewe, enzi akifanya kazi kwenye reli ya Ubundu. Agathe alikuwa fundi wa kushona, na wateja wake waliujua vizuri ulimi wake, lakini mbele ya baba yake alijikaza kisabuni. Hakuwa akiomba makubwa. Alitaka kumsikia akilitaja jina lake, hata mara moja, kabla mzee hajasahau kila kitu.

Picha za zamani hazikusaidia. Nyimbo za kanisani mzee aliziimba mpaka ubeti wa mwisho, kisha akamshukuru madame kwa kumpa kampani. Mchana mmoja, mvua ikipiga bati hata wateja wakakata tamaa ya kuja, Agathe akakumbuka majoka.

Mama yake, Angélique, alifariki kwa homa Agathe akiwa na miaka mitano. Papa Bavon akaja kutoka Ubundu kumchukua mtoto ambaye hadi siku hiyo alikuwa akimwona wakati wa likizo tu. Hata lugha hawakuwa nayo moja. Mtoto alilelewa kwa Kilingala cha mama yake. Baba alikuwa mtu wa Maniema, Kiswahili kitupu, na Kilingala cha kuokoteza tu. Jioni walikaa wakitazamana kama abiria wanaosubiri treni. Ndipo baba akabuni nchi iitwayo Tamatama, nchi ya majoka, akawa anaisimulia kwa mdomo na kwa mikono, mpaka mtoto akakijua Kiswahili. Wenzake walikipata shuleni na sokoni. Yeye alikipata kwenye mikia na magamba.

Wala hayakuwa majoka ya ovyo ovyo. Papa Bavon hakukubali jambo lisilo na sababu. Joka lilitokana na samaki aliyeng'ang'ania kupanda maporomoko mpaka mapezi yake yakawa mabawa. Lilikuwa na matumbo mawili: la kwanza la chakula, na katika la pili alikaa mtu. Mtu huyo alikuwa anapika, ndiyo maana joka hutoa moshi puani. Na joka likiwa angani hugeuka polepole sana, ili sufuria isimwagike.

Agathe hakuambiwa mtu huyo ni nani, wala hakuuliza. Alijua. Mama yake alikuwa mle, anapika pondu ya majani ya muhogo, mahali pa joto. Ah, miaka ile! Kila akisikia harufu ya mawese kwa jirani alitazama juu, na hata sasa, na mvi zake kichwani, kuna siku alijikuta anatazama. Alimpenda baba yake kwa mengi, lakini kwa hilo kuliko yote: alimtafutia mama pa kukaa.

Basi mchana ule wa mvua akavuta kigoda, akaanza kusema uongo makusudi.

"Papa, nasikia joka iko inataga mayai mingi, sawa vile kuku."

Mzee akageuza shingo. "Sawa vile kuku? Nani alikudanganya, madame?"

"Batu ba sokoni."

"Batu bale iko bajinga. Joka inazaa mutoto moja tu. Inamubeba mu kinywa mpaka anaota meno. Bon. Akiota meno anamuuma mama, mama anamutema. Ndiyo kuruka kwake ya kwanza."

Agathe alicheka mpaka akajishika mbavu. Hilo alikuwa amelisahau kabisa. Akamchokoza tena, kwamba magamba ya joka huoza wakati wa mvua. Mzee akafoka. Mgongo ulikuwa umenyooka, macho yamechangamka, na hasira yake ilikuwa ile ile ya zamani. Roho ya Agathe ikawa juu. Sasa hivi, alijiambia, sasa hivi ataniita.

"Na joka ya kwanza, papa? Ilitoka wapi?"

"Ah, ile." Mzee akajifuta mdomo. "Batu ba Tamatama balivua samaki mukubwa pale kwenye maporomoko. Bakamuweka juu ya moto, akauke. Yeye akakataa. Alors, akafungua kinywa, akameza moto yote, na makaa yake. Akaruka! Mpaka leo, joka iko na moto ndani ya tumbo."

"Iko na mutu ndani," Agathe akamsahihisha, na safari hii hakuwa anamchokoza.

"Moto, madame. Moto ya kuchoma." Mzee akapuliza vidole vyake kama aliyeungua.

Hapo Agathe akaelewa. Moto wa baba yake ulikuwa moto wa Kiswahili, wa jikoni. Lakini mtoto wa miaka mitano, mwenye Kilingala peke yake kichwani, alisikia moto ya Kilingala, na hiyo maana yake ni mtu. Samaki amemeza mtu! Kumbe baba hakumweka mama mle. Agathe mwenyewe ndiye aliyemweka, kwa kukosea neno. Ikawa kana kwamba amefiwa upya mchana ule, akajuta kuuliza.

"Lakini papa," akasema kwa sauti ndogo, "nasikia mule ndani kulikuwa mutu, anapika."

Mzee akatazama mlangoni, kisha akamsogelea.

"Hiyo usiseme kwa nguvu, madame. Niko na katoto. Kanajua Lingala tu. Nilisema moto, kakaniuliza: 'Papa, moto wana azoyoka malili te?' Mutu ule hasikie baridi? Nilitaka kucheka. Halafu nikaona macho yake, nikajua ni nani kanamuulizia. Donc, nikazima moto. Nikabadilisha joka muzima, nikatia tumbo ya pili, nikatia sufuria. Ile sufuria ilinisumbua sana! Joka itaruka namna gani bila kuimwaga? Ndiyo nikasema, basi, ikuwe inageuka polepole."

Machozi yalikuwa yakimtoka Agathe, naye hakuyafuta.

"Kale katoto, papa, jina yake nani?"

"Agathe," mzee akasema papo hapo, na uso wake wote ukafunguka. "Iko kwa masomo, atarudi saa hii. Madame, tafazali. Akifika, usimwambie kama ilikuwa moto."

"Sitamwambia, papa."

"Merci, madame," akasema mzee, akashusha pumzi. "Sababu mama yake iko mule."