Kufuli kwenye Kopo la Oili

Mume wangu Ernest aliendesha pikapu ya kanisa miaka kumi na mmoja. Alipofariki aliniachia kazi ya kuiangalia pikapu hiyo, pamoja na kopo lake la oili. Nyumba ninayokaa, vyumba viwili nyuma ya kanisa letu hapa Zuzu, si yangu. Ni ya anayelinda pikapu. Kasisi Erick aliniambia baada ya kuanua tanga, "Mama Sila, gari ilale hapa uani kwako, uitunze kama marehemu alivyoitunza, na nyumba utakaa." Kwa hiyo pikapu ikihama, nami nahama. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani niligombana na wazee wa kanisa kwa sababu ya kupenda makopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta ya kupikia, la kilo mbili. Ernest alilitoboa matundu mawili juu akachomelea vijibomba, kimoja cha kuingiza na kingine cha kutoa, na chini akaweka koki ndogo. Ndani alishindilia stili waya, ile ya kusugulia sufuria. Siku analifunga alinieleza huku mimi nachambua mlenda.

"Injini inapumua, Mama Sila. Ikizeeka, pumzi yake hutoka na oili, kama mvuke wa mchuzi unavyotoka na mafuta. Ukiiacha pumzi hiyo irudi kwenye injini hivyo hivyo, gari inakula uchafu wake. Lakini ikipita kwenye bati lililo baridi, lenye kitu cha kushikia ndani, oili inanasa na kudondoka chini."

"Kama mfuniko wa sufuria."

"Kama mfuniko wa sufuria. Na usiache likajaa. Injini ya dizeli ikinywa oili yake inalewa, na ikishalewa haisikii ufunguo. Hapo dawa ni kuiziba pua tu, pale inapovutia hewa. Usizibe kwa kiganja, itakivuta. Tafuta kitu bapa."

Kila Jumamosi nilifungua koki. Kilitoka kitu cha kijivu na cheusi, kinavutika, ungesema mlenda wa jana. Sikukitupa. Nilipaka nguzo za uzio wangu, kwa sababu mchwa wa huku hula nguzo kwa ndani wakakuachia gamba la kuegemea.

Tuliishi hivyo kwa amani mpaka kanisa lilipomchagua Bwana Batholomeo kuwa mwenyekiti wa halmashauri. Ilikuwa ile miaka vitu vilipoanza kurudi madukani, na kila aliyewahi kufika Dar es Salaam akarudi na sanduku akawa mfanyabiashara. Batholomeo alifungua duka la spea mjini. Aliuza taa, vioo, honi zenye sauti tatu, na maneno. Maneno alitoa bure.

Siku aliyofungua boneti ya pikapu kwa mara ya kwanza alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Hiki nini?"

"Kopo la oili, Mwenyekiti."

"Kopo la kukaangia maandazi, ndani ya gari la kanisa! Mama, zama za kuunga-unga zimekwisha. Sasa hivi dunia nzima iko dukani kwangu."

Halmashauri ikakaa kuchagua kopo jipya. Nilikuwepo kwa sababu ya chai. Batholomeo aliweka mezani kopo la buluu linalong'aa, limeandikwa kwa herufi za dhahabu, limetoka Dubai. Lilikuwa na ukubwa wa kikombe cha uji. Wazee walilipokezana kwa heshima kama mtoto anayesubiri kubatizwa. Mmoja aliuliza kama lipo la kijani, lifanane na mapazia ya madhabahuni. Mwingine alitaka kujua kama maandishi yatafutika kwa vumbi. Nusu saa nzima hakuna aliyelifungua.

Nikaweka birika chini. "Samahani wazee wangu. Ndani lina nini?"

"Ndani?" Batholomeo alicheka. "Ndani mna nafasi, mama. Ni kopo."

"Halina cha kunasia? Mvuke utapita moja kwa moja. Na ni dogo. Injini ile imechoka, litajaa kwa siku tatu."

"Mama Sila, shule uliishia la ngapi?"

"La saba, Mvumi."

"Basi haya ni mambo ya la nane."

Wakacheka wote, hata Kasisi alitabasamu ndani ya kikombe chake. Bwana amsamehe, mimi ilinichukua wiki mbili. Kopo la Ernest likatupwa kwenye jalala, nikaliokota, nikaliosha, nikaliweka chini ya kitanda.

La buluu lilijaa kwa siku tatu kama nilivyosema, nikawa nalimwaga Jumatano na Jumamosi. Damas, dereva mpya, mpwa wake Batholomeo, alikuwa akiongeza oili kila wiki, maana injini iliendelea kupumua na dawa ya uzee haijaletwa hata kutoka Dubai. Kisha Batholomeo akapita nyuma ya kanisa akaona nguzo zangu nyeusi zinanuka oili.

Jumapili ile ile, kwenye matangazo, baada ya kwaya na kabla ya baraka, alisimama. "Wapendwa, oili ya kanisa inapotea. Sitaji mtu. Ila wapo wenye uzio mweusi."

Zuzu nzima ina uzio mweusi mmoja. Watu waligeuka kunitazama wote kwa pamoja, hata wale ambao mimi ndiye niliyewashonea sare wanazovaa.

Nilisimama. "Ile ni oili chafu ninayomwaga kutoka kwenye kopo. Isipomwagwa—"

"Mama, kaa. Tutalizungumza."

Walilizungumza bila mimi. Uamuzi aliniletea rafiki yangu Loisi, ambaye mdomo wake haujui njia ndefu. "Wanafunga kopo kwa kufuli, ufunguo anakaa nao Mwenyekiti. Baada ya Sikukuu ya Mavuno, Jumatatu yake, halmashauri inakaa. Oili ikiwa bado inapotea, nyumba anapewa Damas."

"Kufuli kwenye kopo?"

"Amemleta mpaka fundi wa kuchomelea, dada. Kopo limevishwa mkanda wa chuma, hadi koki yake. Hata jela ya Isanga hawafungi hivyo."

Nilimfuata Batholomeo mara mbili. Mara ya kwanza alinionyesha ufunguo kwenye mnyororo wake, katikati ya funguo za duka na za nyumba yake ya Area D, akautikisa kama anaita kuku. Mara ya pili nilimwambia waziwazi, "Mwenyekiti, likijaa gari itainywa ile oili, na itakwenda wazimu."

"Gari haina wazimu, mama. Watu ndio wanao."

Oili iliendelea kupungua. Hapo sasa mtu mwenye akili angeuliza: kama kopo limefungwa na mama hagusi, inakwenda wapi? Wao waliuliza pia, wakajijibu. Walisema nimechonga ufunguo wa bandia! Damas alikuja kunipekua kwa aibu, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa."

"Marahaba. Tafuta, mwanangu. Ukikuta ufunguo, ukikuta na sukari unijulishe."

Moshi wa bomba la nyuma ukageuka kuwa wa buluu, sawa na kopo. Batholomeo alisema ni dizeli mbaya ya mjini. Mimi nikaanza kufunga vyombo vyangu kwenye masanduku, huku nasali. Sikuomba Mungu amwaibishe mtu. Niliomba tu ukweli usichelewe mpaka Jumanne.

Haukuchelewa. Jumapili ya Mavuno pikapu ilikwenda kukusanya sadaka za mashambani: magunia ya uwele na mtama, karanga, mbuzi wawili, maboga, kuku wamefungwa miguu. Batholomeo aliendesha mwenyewe siku hiyo, amevaa suti, maana watu walikuwa wengi. Akapanda kilima cha kanisa kwa nguvu, akaigeuza gari akaiegesha mbele ya mlango, pua chini, matako juu, ili mnada wa sadaka uonekane vizuri. Kopo lililojaa likalala, oili yake ikaanza kuingia kwenye injini.

Injini ikaguna. Kisha ikaanza kupanda yenyewe, sauti juu, juu zaidi, mpaka madirisha ya kanisa yakatetemeka na moshi ukaifunika kwaya ikiwa katikati ya pambio. Batholomeo akatoka mbio, ufunguo wa gari mkononi ameuinua kila mtu auone.

"Nimezima! Jamani, nimezima!"

"Mbona inanguruma?" akapiga kelele Kasisi.

"Nimezima! Huu hapa ufunguo!"

Mbuzi waliruka kutoka kwenye magunia na kutokomea. Mzee wa mapazia ya kijani alisema imwagiwe maji. Mwinjilisti alinyoosha mkono akaanza kukemea pepo, na pepo akaongeza mwendo. Sauti ile niliijua, ingawa sikuwahi kuisikia. Ilikuwa sawasawa na Ernest alivyoieleza.

Loisi alikuwa ameshika sahani ya sadaka, ile ya bati. Nikaimwaga kwenye kitenge chake.

"Mama Sila, ni ya madhabahu hiyo!"

"Leo ina kazi nyingine."

Nikamwambia Damas afungue boneti na auchomoe mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini. Aliuchomoa, akaungua vidole, hakuuachia. Nikaibandika sahani kwenye mdomo wa injini, pale mpira ulipochomoka. Ilivutwa kama imeshikwa na mtu. Injini ikakohoa, ikatikisa gari lote, ikafa.

Kuku mmoja tu ndiye aliyeendelea kupiga kelele.

"Sasa, Mwenyekiti," nikasema, "ufunguo wa kufuli."

Akajaribu wa duka, akajaribu wa Area D, mwishowe ukaingia. Mkanda ukaachia, kopo likafunguka. Mlenda mweusi ulifika mdomoni, ukamwagikia viatu vyake. Kasisi alichovya kidole, akakitazama muda mrefu.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Oili yetu."

Batholomeo alikohoa. "Mnaona basi. Kopo limefanya kazi vizuri sana."

Naapa alisema hivyo. Loisi hakumsubiri amalize. Alilinyakua kopo, akapanda juu ya magunia, akafungua mnada. "Kopo la Dubai! La buluu! Lina kufuli na limeshajaa! Nani anaanza?" Hakuna aliyeanza. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Kwa kuwa mavuno hayarudishwi nyumbani na lazima kila kitu kipate mtu, Batholomeo alilinunua mwenyewe, akaliweka mfukoni mwa suti.

Jumatatu halmashauri iliniita. Walitaka tuyamalize ndani, kimya kimya, kama wapendwa. Nikawaambia nimetajwa kuwa mwizi kwenye matangazo, nitasafishwa kwenye matangazo. Kasisi aliniunga mkono bila kunitazama usoni. Jumapili iliyofuata alisoma mwenyewe kwamba oili imeonekana na nyumba haina mjadala. Sahani ya sadaka bado ina alama ya duara iliyobonyea katikati. Watu wakitoa, sarafu hukimbilia pale.

Nikafungua masanduku yangu. Damas alikuja, tukalirudisha kopo la Ernest, na stili waya mpya. Siku hizi anajua kufungua koki mwenyewe.

Mwezi uliopita alikuja na chupa tupu. Mjomba wake anajenga uzio hapa Zuzu, mchwa wameanza kazi kabla fundi hajamaliza yake.

"Ameomba oili chafu kidogo, mama."

Nilimjazia mpaka shingoni. Nilimwomba tu aende nayo mchana, bila kuifunika, na apite katikati ya kiwanja cha kanisa.