Mzinga wa Bibi Mwamvita

Kwenye shamba la ukoo wao, juu ya Bigwa, palikuwa na handaki ambalo jembe halikuwahi kuligusa. Lilichimbwa wakati wa vita vya Mjerumani, Waingereza walipoishika Morogoro mjini na Wajerumani wakajichimbia milimani kuwasubiri. Miaka mia na zaidi imepita, udongo umelijaza nusu, magugu yamelifunika, lakini Bibi Mwamvita, anayeikaribia tisini, hakuwahi kubadili kauli yake: "Msilime pale. Pana mzinga."

Mjukuu wake Yustina alikua akilisikia neno hilo na kulielewa kama kila mtu alivyolielewa: mzinga wa nyuki. Mumewe, Athanas, ndiyo kabisa. Alistaafu kazi ya mashamba ya miwa akahamia kwa mkewe, na kwa kuwa Waluguru ardhi yao hufuata upande wa mama, kila siku alijiona mgeni. Alishaamini kwamba wanawake wa ukoo ule wana asali yao wanayomficha. Mtu mzima, mvi kichwani, anawaonea wivu nyuki!

Jumamosi moja Yustina alikuwa uani anamenya magimbi, bibi kaketi pembeni yake.

"Mume wangu yuko wapi leo, mbona sisikii kikohozi chake?" bibi akauliza. Ndivyo alivyomtania Athanas tangu siku ya harusi.

"Kapanda juu, bibi. Kachukua kienge cha nyasi na ndoo, kaenda kurina asali. Nilimwambia akuombe ruhusa kwanza, akanicheka."

"Asali ya wapi?"

"Si ya ule mzinga wako wa handakini?"

Bibi alimkamata mkono kwa nguvu ambazo Yustina hakujua kama bado anazo.

"Asali gani, mwanangu? Mzinga wa vita ule! Dude la chuma la Waingereza, lilizama udongoni bila kulipuka! Mama yangu alikuwa mtoto, aliliona likiingia. Hakuwa na jina jingine la kuliita. Kimbia!"

Yustina alikimbia. Na umri wake ule, na magoti yake mabovu, kandambili moja ikabaki migombani na hakugeuka kuitazama. Alimwita mumewe kwa jina, jambo ambalo hakulifanya tangu wapate mtoto wao wa kwanza; siku zote alikuwa baba Neema. "Athanas! Usiwashe! Athanas!" Kisha akauona moshi, mwembamba, unatoka handakini. Akazidi kupanda.

Alimkuta amepiga magoti, mashavu yamevimba, anapuliza nyasi mbichi. Ndiyo, mbichi. Mwanaume huyu tangu aoe hajawahi kuwasha jiko la mkaa likamkubalia, na kwa kosa hilo Yustina alimsema mpaka akachoka mwenyewe. Alimpokonya kienge akakitupa kwenye mfereji wa maji, kisha akamvuta kwa ukosi wa shati mpaka njiani. Hapo ndipo walipogeuka wakaiona ncha ya chuma chenye kutu, imechungulia udongoni, na ndoo ya Athanas imekaa juu yake.

"Nilidhani ni jiwe," Athanas akasema, akakaa chini pale pale.

"Asante Mungu," Yustina akasema, analia na kucheka kwa pamoja, "kwa kunipa mume asiyejua kuwasha moto!"

Mwenyekiti wa mtaa alitoa taarifa, wanajeshi wakaja. Vijana wenye adabu: kila mmoja alimwamkia bibi shikamoo kabla ya kuanza kazi. Waliwahamisha watu wote mpaka bondeni, kisha wakalilipua lile dude. Mlima mzima uliitika. Kuku walitawanyika, na bibi akajificha kifuani kwa Yustina, kanga kichwani.

Watu walipiga makofi. Bibi hakupiga.

"Alikuwa ananichapa," bibi akasema. "Nikikaribia tu pale, mama ananichapa mpaka fimbo inavunjika. Nilijua ni chuma cha vita, lakini chuma kimelala, ya nini kumpiga mtoto hivyo? Nimezeeka nikisema mama yangu alikuwa na roho mbaya." Akajifuta macho. "Kumbe mlio wenyewe ndio huu. Mimi nimesikia mmoja, mmenishika, na bado natetemeka. Yeye aliisikia milio hii kutwa nzima, mtoto mdogo, peke yake migombani."

Akainua uso kuelekea mlimani. "Asante, mama. Asante kwa kila fimbo."

Athanas alisogea, akapiga magoti mavumbini mbele ya majirani wote, wala hakuona haya.

"Bibi, na mimi nisemee. Mwambie mama yako asante."

"Mwambie mwenyewe," Bibi Mwamvita akasema. "Ni mama yako pia."