Kiungo cha Shamba la Ezéchiel

Kufikia saa tatu na nusu asubuhi Charlène alikuwa amebonyeza neno "Mafanikio" mara kumi na tisa, na kila mara tovuti ilimletea ukurasa mweupe wenye sentensi moja ya Kifaransa: unachotafuta hakipo. Jenereta ya jirani ilinguruma chini ya dirisha. Dirékta Stanislas alisimama nyuma yake, akimpumulia shingoni harufu ya kahawa, kana kwamba pumzi ya mkubwa ndiyo inayotengeneza kompyuta.

"Bageni banafika saa nane," alisema. "Mafanikio ifunguke. Ingine yote haina kazi."

Kituo kilikuwa ghorofa ya pili, kwenye mteremko wa kutoka mtaa wa Nyawera. Kazi yake, kama ilivyoandikwa ukutani, ilikuwa kuhifadhi sauti na picha za watu wa vijiji. Kila sauti na kila picha ilifungiwa tagi, jina kama lile ambalo wauzaji hushonea kwenye gunia la maharage lisipotee njiani. Ukibonyeza "Walungu", unaletewa magunia yote ya eneo hilo. Wiki hii majina yalikuwa yametoweka. Dirékta aliita jambo hilo "panne", yaani hitilafu, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Alipokwenda kutafuta viti vya wageni, mlinzi alimwingiza mama mmoja mwenye viatu vya plastiki vilivyoganda tope jekundu. Alijitaja kuwa Séraphine, wa Luhwindja. Hakukaa. Alitoa karatasi kwenye kitenge akaiweka juu ya kibodi ya kompyuta.

Ilitoka kwenye tume ya mipaka. Charlène alisoma: Mlalamikaji ametaja ushahidi wa marehemu uliohifadhiwa kwenye tovuti. Kiungo kilichotajwa hakifunguki. Kwa hiyo ushahidi haupo.

Alirudia kusoma lile "kwa hiyo". Mtu alikuwa amelipwa mshahara kuandika maneno yale.

"Bwana yangu Ezéchiel alisema mbele ya micro yenu," mama alieleza. "Alitaja mipaka yote, kuanzia ku muto mpaka ku kaburi ya baba yake. Kisha akakufa. Sasa kuko mutu mwenye kuuzisha zahabu, anasema shamba ni yake, na bantu yake beko banachimba. Tume inafunga dossier leo saa nane."

"Mukae, maman. Niangalie."

Alifungua daftari la tovuti, pale ambapo kila mkono unaogusa kitu huacha alama. Hakutafuta sana. Jumatatu, saa tatu na dakika kumi na nne, tagi arobaini na tatu zilikuwa zimefutwa kwa mpigo mmoja. Aliyefuta alikuwa ameingia kwa jina la Dirékta. Sauti zenyewe zilikuwepo zote, nzima, hazina njia ya kufikiwa.

Dirékta alirudi na viti vinne vya kuazima.

"Dirékta, hii haiko panne," Charlène alisema. "Mulifuta tagi ku lundi."

"Nilisafisha." Hakuona haya. "Bageni hawapende mambo ya mashamba na kaburi. Banataka kuona bantu banacheka."

"Mulifuta na Mafanikio pia."

Stanislas alitazama skrini, halafu viti. Alikuwa amechagua orodha yote kwa kidole kimoja, kama mtu anayefagia ua na kufagia kuku pamoja na majani.

"Basi rudisha ile moja," alisema, akaenda kufunga tai.

Charlène aliirudisha. Ilibidi jina liandikwe kwa herufi zilezile za zamani. Ikikosewa moja tu, kila kiungo kilichowahi kuandikwa mahali popote kinaangukia kwenye ukurasa mweupe. Mafanikio ikafunguka: picha kumi na moja, saba zikimwonyesha Stanislas akikata utepe. Kisha, bila kuagizwa, aliandika jina la Luhwindja. Akazifungia tena sauti jina hilo, moja moja, akabonyeza anwani iliyokuwa kwenye barua ya tume.

Mwanamume alikohoa ndani ya kompyuta, halafu akaanza kusema kwa Mashi, lugha ya kwao.

Séraphine alikaa. Kwa dakika sita hakujipangusa machozi. Ezéchiel alitaja mti, jiwe, mto, majina ya majirani wanne, na mwishoni aliomba maji.

"Ni miye nilimupatia ile maji," mama alisema.

Stanislas alisimama mlangoni, tai imefungwa nusu. "Nilisema Mafanikio tu. Futa hiyo."

"Hapana, Dirékta. Ninapeleka maman ku tume."

"Weye ni technicienne, fundi ya kompyuta tu. Mambo ya tume inakuhusu nini?"

"Lien, ile kiungo, ilikufia kwetu." Aliingiza kompyuta yake kwenye mfuko. "Mukitaka, mufute hiyo sauti, miye nikisha kutoka. Lakini sijuwe kama Mafanikio itabakia."

Dirékta aliutazama mfuko, kisha kompyuta yake mwenyewe mezani, kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua tabia. Saa nane ilikuwa karibu. Alijua hawezi kugusa kitu.

"Kesho usikuje hapa," alisema.

"Nimesikia."

Huko kwenye ofisi ya tume, katibu, Papa Adalbert, alikuwa tayari amefunga jalada kwa kamba. Alisema simu si hati. Charlène akasema hakuleta simu. Alisema mtandao wa ofisi umekatika. Charlène akamwashia wake. Sababu zilipomwishia, alifungua kiungo, akasikia kikohozi na maneno mawili matatu, akafunga. Aliandika mstari mmoja, akagonga muhuri.

Nje kwenye baraza, Séraphine alimpa Charlène karatasi. "Ameandika nini?"

"Ameandika ya kwamba lien inafunguka."

"Na yenye Ezéchiel alisema?"

Charlène aligeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. "Hiyo hakuandika."

Mama aliichukua karatasi. Kisha alirudi ndani bila kubisha, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza ya katibu. Charlène alimfuata, akaweka kompyuta kati yao, akaanzisha sauti tangu kikohozi.

Adalbert alitazama saa. "Maman, tumefunga."

"Anasema Mashi, na weye ni Mushi kama siye," Séraphine alimjibu. "Twaa bic, papa. Andika."