Sahihi ya Arobaini

"Midomo yako haikucheza, kaka Delmar," alisema Lorene, akiwa bado ameishikilia karatasi ya mahakama.

Wengine walikuwa wanakunja viti. Chumba kile cha chini ya kanisa kilinukia kahawa aliyoipika Delmar mwenyewe, maana fundi wa mashine za kukatia nyasi hawezi kukaa bure. Hakimu wa wilaya yao, huko Kentucky, alimpa mikutano arobaini ya kuacha pombe, la sivyo miezi sita ndani. Desturi ya pale ilikuwa moja: karatasi huwekwa kapuni mwanzoni, na hurudishwa na sahihi baada ya duara la sala. Mara thelathini na tisa Delmar alishika mikono ya watu akanyamaza, na katibu wa zamani, aliyekuwa haoni vizuri, akasaini. Leo katibu alikuwa Lorene, na macho ya Lorene hayakuwa na tatizo lolote.

"Nilisimama nanyi, dada."

"Hapa pameandikwa 'ameshiriki kikamilifu.' Unataka nimdanganye hakimu? Sema Baba Yetu tu, mimi na wewe. Dakika haiishi."

Delmar aliitazama mikono yake, yenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga. Maneno aliyajua tangu utotoni. Aliogopa jela, aliogopa sana.

"Miaka ishirini nilimwapia mke wangu kwa Mungu kwamba sijaonja," alisema. "Nilinuka kama pipa la pombe, na bado niliapa. Simwamini Mungu, Lorene, na hata wakati ule sikumwamini. Nikisali leo kwa ajili ya sahihi, nitakuwa nimerudia yaleyale. Pombe itafuata tu."

"Mbishi we!" Lorene aliguna. "Kama nyumbu wa kulimia wa baba yangu."

Akakaa. Akachukua kalamu, akakata yale maneno mawili yaliyochapwa, akaandika polepole: *Alikuja. Hajanywa. Hakusali.* Akatia sahihi.

"Huo ndio ukweli wangu. Wakikufunga, usinilaumu."

"Sitakulaumu, dada. Asante."

Leseni ya gari alishanyang'anywa kwa ulevi, hivyo alikwenda mahakamani kwa miguu. Karani aliisoma karatasi, akamtazama, akaisoma tena. Kisha akainuka nayo, akabisha mlango wa hakimu. Delmar alivua kofia, akabaki amesimama.