Sentensi ya Mfano

Baba alikufa asubuhi, hospitalini Sumbawanga, na kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tayari tunagombania mahali pa kumzika.

Mimi nilitaka Pito, nyumbani, kando ya mama. Kaburi la mama nililisimamia mwenyewe. Fundi alipokuwa anamwaga zege nilimwambia apanue, aache nafasi ya mtu wa pili, na tangu hapo nafasi hiyo naipalilia kila Novemba tunapowaombea marehemu. Kwangu hapakuwa na cha kujadili. Maiti ilikuwa huku juu na Pito ni hapo tu.

Mboje akasema Kaoze, kule bondeni.

Mboje, au Mama Obed kwa jina la mwanawe, ni mke wa pili wa baba. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Mama alipofariki, baba alishuka huko kulima mpunga, akasema akivuna atapanda. Alivuna, akaoa, akabaki. Kwa umri Mboje ni mdogo kwangu, lakini kwa heshima mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Tulikuwa tunaulizana habari, basi. Kwenda kwenyewe nilikwenda mara mbili. Barabara ile si ya kushuka kila mwezi.

Tulikaa sebuleni kwangu, Chanji, hapo hapo mjini. Baba mdogo Valerian, mdogo wa marehemu, alikaa kwenye kochi kubwa kwa sababu neno la mwisho lilikuwa lake. Kaka yangu Baltazari alikaa pembeni yake. Mboje alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kitenge kichwani. Binti yangu Asnath alikuwa anagawa chai. Nje upepo wa Juni ulikuwa unatikisa mabati.

"Mzee alisema mwenyewe," Mboje alisema. "Azikwe Kaoze."

"Alikwambia wapi? Kitandani?" Baltazari akauliza. "Maneno ya kitandani hayaletwi kwenye kikao, Mama Obed."

"Hakuniambia mimi. Alimwambia huyu." Akamwonyesha Asnath kwa kidevu. "Mimi nilikuwa napepeta mchele pale nje, nikasikia. Tena imo kwenye simu yake."

Wote tukamgeukia Asnath. Akaweka birika chini.

Asnath anasoma mambo ya lugha chuo kikuu. Anachunguza jinsi Kiswahili kinavyokula maneno ya Kifipa, lugha yetu, na likizo iliyopita alishuka Kaoze kumrekodi babu yake. Kazi yenyewe ni rahisi: yeye anasema kwa Kiswahili, babu anasema kwa Kifipa, simu inarekodi. Alianza na vitu vya jikoni, ikawa vichekesho.

"Babu, kijiko?"

"Kijiko."

"Kwa Kifipa, babu."

"Ndiyo Kifipa hicho. Cha zamani nimekisahau, na bibi yako aliyekuwa ananikumbusha amekufa."

Basi akahamia kwenye maneno ya misiba na kuzikana, kwa kuwa mwalimu wake alimwambia hayo ndiyo hukawia kubadilika. Nilimkataza. Nikamwambia humpeleki mzee mgonjwa kwenye habari za makaburi. Akaanza kunisimulia Australia, kwamba wenyeji wa kule walikuwa na lugha nyingi, Kiingereza kikaokota kwao majina ya wanyama na miti kikanenepa, nazo lugha zao zikabaki kwa wazee wawili watatu, wakifa ndiyo mwisho. Nikamjibu kwamba wazee wa Australia wana wajukuu wao, yeye amwache babu yake apumzike. Hakuniacha mimi wala babu yake.

"Asnath," Baba mdogo akasema, "babu yako alikwambia azikwe Kaoze?"

"Alisema, babu. Lakini ilikuwa sentensi ya mfano." Akafuta mikono kwenye sketi. "Mimi ndiye niliyeitunga. Nilimwambia aseme, akasema."

Nilimshukuru Mungu, kwa kweli.

"Yaani mtoto alimwambia kaka yangu Kasmir aseme habari ya kufa kwake, naye akasema?" Baba mdogo aliuliza.

"Ndivyo wanavyofanya kazi yao," nikamjibu. "Ni kama shuleni tulivyokuwa tunaandika 'Juma amevunja kikombe'. Hakuna Juma, hakuna kikombe."

Baltazari akacheka. "Kwa hiyo Asnath akinirekodi nikisema nimeuza shamba, kesho mnunuzi anakuja na trekta!"

Hata Baba mdogo alitabasamu. Akapangusa mdomo, akasema basi, atazikwa Pito, vijana wakaanze kuchimba.

Mboje hakulia. "Sawa," alisema. "Ni mfano. Basi iwasheni na mimi nisikie huo mfano. Wote, msinikatie kipande."

"Washa tumalize," nikamwambia Asnath. Nilikuwa na haraka, jikoni hapakuwa na chochote na watu walikuwa wanaingia.

Akatafuta, akaiweka simu mezani.

Kwanza kuku. Kisha ungo wa Mboje, shwaa, shwaa. Kisha Asnath: "Babu, sema: Nikifa mnizike Kaoze."

Baba akasema kwa Kifipa, polepole, neno kwa neno, kama anayemwekea mtoto mchele kiganjani. Nilikuwa sijaisikia sauti yake nzima hivyo kwa muda mrefu. Wiki zile za hospitali alikuwa ananong'ona tu.

"Asante, babu. Sasa sema: Nikifa mnizike Pito."

Kimya. Ungo nao ukanyamaza.

"Babu?"

Baba akasema kitu haraka, chini chini. Asnath wa kwenye simu akacheka. "Babu, ni mfano tu."

Akasema tena, kwa nguvu kidogo, akaongeza maneno mengine.

"Haya, babu. Sema: Mbuzi amekunywa maji."

Baba akasema mbuzi amekunywa maji. Vizuri sana, bila kusita. Ungo ukaanza tena.

Asnath akazima. Akatutazama mmoja mmoja, kwa kuwa Kifipa chake ni cha kwenye karatasi. Nilimlea hapa Chanji kwa Kiswahili, ili asihangaike shuleni.

"Mama, pale alisema nini? Mimi niliandika mzee amechoka."

Baltazari alikuwa anaangalia viatu vyake. Ikabidi nijibu mimi.

"Amesema, hiyo siisemi. Hata kwa mfano siisemi. Nipe nyingine."

Baba mdogo Valerian alichukua kikombe chake, hakunywa.

"Alikuwa mgonjwa," nikasema. "Mtu anaweza kukataa neno kwa sababu yoyote. Na mama je? Mama atalalaje peke yake pale?"

"Gaudiosa," akasema, "mama yako Kornelia hawezi kusema. Kasmir amesema." Akaweka kikombe chini. "Waambieni vijana waache kuchimba. Tafuteni gari la kushuka."

Mboje akajifunika uso kwa kitenge. Hapo ndipo alipolia.

Tulishuka mteremko wa Lyambalyamfipa na jeneza nyuma ya Fuso, tukivua masweta njiani kwa joto. Kaoze walikuwa wamejaa watu nisiowajua, Wafipa na Wasukuma, na wote walikuwa wanamjua baba. Mmoja akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia ni binti yake wa kwanza. Akasema, "Ala! Kumbe yupo?"

Tukamzika kwenye udongo mweusi, karibu na shamba lake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Pito na Asnath. Majani yalikuwa yamekauka kwa baridi. Upande wa mama ulikuwa safi, upande wa pili ulikuwa na vumbi na jani moja la mparachichi lililopeperushwa kutoka kwa jirani. Nikalitoa.

"Mama, unisamehe," Asnath akasema. "Ningemuuliza habari za ng'ombe tu."

"Umekosa nini? Ungemuuliza ng'ombe, nisingejua." Kisha nikamwuliza, "Utaiweka kwenye kazi yako?"

"Mwalimu anataka sentensi nilizouliza. Ile sikuiuliza."

Upepo ulikuwa unaingia mpaka kwenye mifupa. Baba yake Asnath alivuka mpaka pale Kasesya zamani, akapata mke na nyumba Zambia. Kwa hiyo sina mtu wa kugombania kaburi langu, na zege la nafasi hii ya pili lilikwisha kumwagwa.

"Washa simu yako," nikamwambia.

"Sasa hivi?"

"Washa."

Akawasha. Nikasema kwa Kifipa, nikifa mnizike hapa Pito, kando ya mama yangu.

Asnath aliitazama simu, kisha akanitazama. "Mama, rudia polepole. Sijashika vizuri."

Nikarudia polepole, neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa.

Sidhani.