Jumanne ya Vifungo

Vichupa vinne vilikaa mezani pale maabara dakika arobaini, na aliyevitoa kwenye friza akavisahau ni mimi. Nilikuwa kwenye simu. Baba yangu, fundi cherehani kwa miaka thelathini, alikuwa ananiuliza kifungo cha shati kinafungwaje kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine, tangu apate ugonjwa wa Parkinson, hautulii. Nilimwelekeza, akakosea, tukacheka, tukaanza upya.

Niliporudi, barafu yote ilikuwa maji. Nikavirudisha kwenye friza nikajitia hamnazo.

Mle ndani mlikuwa na vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitoa kupelekeana mizigo. Sisi tulivipakia protini ya ukuaji, inayozisaidia seli za ubongo zisife kama zinavyokufa za baba. Vikiyeyuka vikagandishwa tena, vingi hupasuka na mzigo humwagika. Hilo mimi ndiye ninayewafundisha wageni wa maabara!

Ijumaa bosi alitazama seli tulizozitilia vile vifuko, zimekufa kwenye sahani. "Basi, haifanyi kazi. Mwezi ujao tunafunga mradi."

Roho ilinisuta. Kila jioni baba aliuliza, "Vifuko vyangu vinaendeleaje?" Nami, kwa uso mkavu, "Vinaendelea vizuri." Mwongo mkubwa mimi.

Jumatatu nikapiga moyo konde, nikamweleza bosi.

"Ulikuwa wapi dakika zote hizo?"

"Nachezea simu."

Bora anione mzembe kuliko nimtaje baba. Alinisema nikasemeka, kisha akakubali tulirudie jaribio, ila vile vichupa nisiviguse tena.

Nyumbani nikampa baba nusu ya ukweli: niliharibu kazi, nimekiri, tunarudia.

"Siku gani hiyo?"

"Jumanne." Lilinitoka kabla sijafikiri.

Mkono wake ukawa unagonga meza.

"Ile ya vifungo," akasema.

"Hapana baba, si wewe, ni mimi tu nili..."

"Mama, kinachotetemeka ni mkono. Akili ninazo."

Nililia mbele yake, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Asubuhi alitoka chumbani amevaa fulana isiyo na vifungo. Mashati yake yote, aliyoyashona mwenyewe, yalikuwa kwenye boksi karibu na mlango, yamekunjwa vibaya vibaya.

"Nenda kazini, mama," akasema. "Sitapiga simu."